Sisi wa Zamu na Mtihani wa Historia na Serikali



Tumeombwa tuseme habari ya mtihani wa Historia na Serikali wa kidato cha nne. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule za misheni, na sasa twataka kuufanya kama watahiniwa wa kibinafsi. Sababu mwaijua. Mwenzetu mmoja ameunganisha mabehewa miaka kumi na miwili, lakini usimamizi ulipotangazwa aliulizwa cheti, na kijana aliyemfundisha kazi ndiye leo anampa amri.

Juzi tulijipima hapa chamani. Swali lilikuwa: eleza sababu za Waingereza kujenga reli ya Uganda. Tukacheka, maana nani atatufundisha sisi habari za reli! Tukajaza kurasa juu ya simba wa Tsavo wa mwaka 1898 na vibarua Wahindi walioliwa. Ni kweli tupu, wala hatukupata alama hata moja. Jibu lilikuwa kwamba Waingereza walitaka kuifikia Uganda na kuishika, kulinda chimbuko la mto Nile, kukomesha biashara ya watumwa, na kusafirisha askari na bidhaa. Simba walikuja baadaye.

Basi tuanze na swali lenyewe. Likisema taja, taja tu. Likisema eleza, toa sababu kisha useme ilivyofanya kazi. Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo maneno hayo ya kuamuru tuyajue barabara kabla ya tarehe zo zote.

Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Ya kwanza ni ya Kenya. Maswali mafupi 17 ya mwanzo hujibiwa yote kwa alama 25. Halafu wachagua matatu kati ya manne, na mawili kati ya matatu, kila moja alama 15. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa alama. Sisi ni watu wa ratiba: dakika 22 zikiisha, swali liache, nenda la pili. Anayekaa saa nzima kwenye swali moja huzuia njia yote.

Na msidhani masomo haya ni ya wengine. Mgomo wa Mombasa wa 1947 na Chege Kibachia umo. Makhan Singh na Fred Kubai, walioanzisha shirikisho la vyama mwaka 1949, wamo. Katiba ya 2010 nayo imo, na kifungu cha 41 kinataja haki yetu ya kugoma.

Tutakutana Jumanne, zamu ya mchana ikitoka. Wa zamu ya usiku waje Alhamisi. Kila mtu alete daftari na saa, na ajibu hili: reli ilileta matokeo gani kwa wenye ardhi iliyopita? Mambo matano, dakika kumi na tano.