Panya Wafapo, Viroboto Huhama



Nimeombwa niseme juu ya haki na afya, nami nimechagua kusema juu ya panya. Msicheke. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Waliougua walikuwa maelfu. Wanawake na watoto ndio walioumia zaidi.

Vimelea vya tauni huishi katika panya, naye kiroboto ndiye mchukuzi wao. Mara nyingi vimelea humziba koo. Damu haipiti, njaa humsumbua, naye huuma tena na tena, na kila aumapo hutapika vimelea jerahani. Panya wa shambani huzaa kwa wingi mvua zikiwa njema, pengine watoto 10 au zaidi kwa uzao mmoja. Baada ya mavuno chakula huhamia nyumbani, nao hukifuata. Humo hukutana na panya wa darini, na viroboto wao huchanganyika. Kisha panya hufa. Mzoga ukipoa, kiroboto huuacha akitafuta damu ya moto, na aliyelala sakafuni karibu na magunia ndiye aliye jirani.

Hapo ndipo haki inapoingia. Mwenye ghala la nje na kitanda hana hatari sawa na mama alalaye chini na wanawe kando ya mavuno yake yote. Tusiseme ni mchafu. Mahindi aliyaingiza ndani kwa kuogopa wezi.

Liko na kosa la nia njema: kuwatilia panya sumu wakati tauni imekwisha kuingia. Dawa ya kuua viroboto itangulie, panya wafuate; vinginevyo twawaelekeza viroboto kwa watoto wetu.

Basi, panya wakionekana wamekufa ovyo, msiwashike kwa mikono. Pelekeni habari zahanati siku hiyo hiyo. Homa ya ghafla pamoja na mtoki wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni isingoje kesho, wala isipelekwe kwanza kwa mpiga ramli. Dawa zipo, nazo huponya zikitolewa mapema. Lakini familia iogopayo kutengwa humficha mgonjwa wake, na siku mbili za kumficha zaweza kumwua.

Baada ya mazungumzo haya katibu atapitisha karatasi. Kila jumuiya iandike nyumba zisizo na ghala, ikianza na za wajane. Mafundi wawili wamekwisha kujitolea; miti na kamba tutachanga sisi.