Kiingereza Kipi?



Nimeombwa niseme machache juu ya Kiingereza, kwa kuwa vijana wamelalamika kwamba wanaogopa kufungua midomo darasani wasije wakachekwa.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Wengi wetu tulilichukua neno hilo kuwa amri ya kukisoma, basi. Lakini lina upande wa pili. Kiswahili cha Unguja si cha Lubumbashi, na Mpogoro wa Mahenge akikisema utamtambua. Kiingereza nacho kitakosaje kuwa hivyo?

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilituletea Wazambia. Mtu wa Kasama ana Kiingereza kilichopita katika Kibemba. Mndamba ana chake. Madaktari wa Uswisi waliofanya kazi hapa Ifakara walikuja na lafudhi ya Kijerumani, wala hakuna aliyewacheka. Kwa nini basi acheke kijana wa Malinyi?

Tena mtu akijikwaa, sisi humwambia "sorry", maana moyoni tunasema pole. Mwingereza huenda akashangaa: wewe umemkosea nini? Sisi tumeliongezea neno kazi. Hapa linafaa, ukifika London, uwe na habari tu kwamba wenzako wanalitumia vingine.

Kuandika nako ni shauri jingine. Mtafiti wa malaria katika bonde letu, akizungumza na wenzake, atasema, "Tulikamata mbu Lupiro usiku kucha." Akiiandika habari hiyo kwa jarida la kisayansi, mara nyingi itakuwa, "Mbu walikamatwa." Yule aliyekesha mpaka alfajiri hayumo tena katika sentensi! Ni mtu yule yule, lugha ile ile.

Sifichi kwamba mtihani wa Kidato cha Nne unataka Kiingereza cha kuandika, chenye sarufi iliyonyooka. Hicho mtajifunza kwa kalamu na masahihisho mengi. Lakini cha kusema hakipatikani kwa kunyamaza.

Kwa hiyo nawaomba wazee wenzangu, wa reli, wa hospitali, wa kiwanda cha sukari Kidatu, tuje kuzungumza na vijana, kila mtu na Kiingereza chake. Mimi nitaanza Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa bwenini.