Laini Iingie Kwanza, Hela Itoke Baadaye

Leo nazungumza na wewe unayejipanga kununua simu mpya, au uliyeahidiwa simu na ndugu aliye Muscat, Dubai au Marekani. Najua dukani macho yatakwenda kwenye kamera, ukubwa wa kioo na chaji inayokaa, na ni haki yako. Ombi langu ni moja: kabla hujatoa hela, ile laini unayoitumia kila siku, yenye namba wanayoijua watu wako na pesa zako za simu, iingie kwenye hiyo simu. Isome mtandao, upige, upokewe, ufungue intaneti, ukiwa bado palepale dukani. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Tuanze na umbo la laini yenyewe. Laini za mwanzo, mwaka 1991, zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Zikapunguzwa hatua kwa hatua, na simu nyingi za leo zinachukua ile ndogo kabisa, nano, yenye urefu wa milimita 12 na ushee. Laini mpya inauzwa ikiwa imechongwa mistari, unabandua saizi unayotaka. Taabu iko kwa aliyekaa na laini yake miaka mingi. Anakwenda kwa fundi, fundi anashika mkasi. Urefu na upana vitapatikana, lakini unene haukatwi: laini ya zamani ina milimita 0.76, nano ina 0.67. Kwa jicho huioni tofauti hiyo. Ndani ya tundu la simu, laini inabana, na siku ya kuitoa inang'oa vile vipini vidogo vya shaba vinavyoisoma. Simu mpya, tundu limekufa. Na tafadhali, usisukume adapta tupu, kile kifremu cha kuongezea ukubwa wa laini, ndani ya simu kujaribu kama inaenea. Nayo hunasa vipini vilevile.

Hata ikiingia vizuri, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Laini iliyotengenezwa enzi za 2G haiwezi kukuingiza kwenye 4G. Mtu ananunua simu ya 4G, anaweka laini yake ya siku zote, juu ya kioo anaona herufi E au H badala ya 4G. Analaumu simu, analaumu bando, kumbe kikwazo ni kile kikadi. Nenda mwenyewe kwenye duka la mtandao wako na namba yako ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA, weka kidole, ubadilishiwe laini. Usimtume mtu, na namba yako ya siri usimtajie yeyote, hata huyo anayekuhudumia. Namba ya simu itabaki ileile. Salio lako la pesa nalo litabaki, kwa sababu linatunzwa kwenye mitambo ya kampuni, siyo ndani ya kadi. Kinachoweza kupotea ni majina uliyohifadhi kwenye laini, kwa hiyo yahamishie kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Sasa masafa. Kama redio yako haina FM, hata ungepanda juu ya mnazi usingeipata stesheni ya FM. Simu nayo ni hivyohivyo. Huku kwetu Tanzania 4G inasikika sana kwenye megahezi 800 na 1800. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee inaweza kukosa baadhi ya masafa hayo: itapiga simu vizuri, halafu intaneti ikasuasua. Soma namba ya modeli kwenye boksi au kwenye mipangilio, utafute orodha ya masafa yake, uilinganishe na ya mtandao wako.

Simu za nje zina mtego mwingine: nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja. Ukiweka laini ya huku, inakudai namba ya kufungulia. Wa kuifungua ni mtandao ulioiuza, kwa kawaida baada ya mkopo wa simu kulipwa, kwa hiyo shughuli hiyo aimalize ndugu yako akiwa bado hukohuko.

Halafu zipo simu zisizo na tundu la laini kabisa. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za Apple zinazouzwa Marekani zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu. iPhone 17 za mwaka 2025 zimekuja hivyo pia Oman, Emirates, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain, kulekule zinakotoka zawadi nyingi za Pwani na Zanzibar. Kabla ya kuipokea kwa shangwe, uliza kama mtandao wako unatoa eSIM, na kama ofisi iliyo karibu nawe inaitoa. Ukiishi mbali na mjini, mimi ningekushauri uombe yenye tundu.

Kwa simu ya dukani, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, na simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Zilingane na za kwenye boksi. Hapa Tanzania, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika mkononi, irudishe. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliozinunua ndio walioumia.

Kwa wenye laini mbili: kuna simu ambazo tundu la pili ni la laini au memori kadi, siyo vyote viwili. Fungua trei uone kabla ya kulipa.

Na yule ndugu wa nje, kama simu ni iPhone, mwombe leo afungue mipangilio, aende General, kisha About, ashuke hadi palipoandikwa Carrier Lock. Pakisomeka No SIM Restrictions, haijafungwa. Apige picha ya ukurasa huo pamoja na namba ya modeli, akutumie kabla hajaifunga simu kwenye mzigo.