Mafuta Niliyoyaficha Mfukoni

Mazungumzo ya mwalimu wa kujitolea mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima



Nimeombwa niwaeleze habari za nchi ya Mongolia. Nilikwenda huko kujitolea kufundisha kwa mwaka mmoja, tangu Agosti 2010. Wengine mtauliza: Mongolia iko wapi? Iko kati ya Urusi na China. Haina bahari. Ni kubwa kuliko Tanzania mara moja na nusu na zaidi, lakini watu wake ni kama milioni 3 na nusu tu. Kilicho kingi kule ni mifugo. Mwaka 2019 mifugo yao ilifika milioni 70. Wanafuga farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Mimi nimezaliwa katika ukoo wa wafugaji. Basi nikajisemea moyoni, "Nyama na maziwa? Hayo nimekulia." Sasa sikilizeni jinsi nilivyoumbuka.

Shule yangu ilikuwa katika mkoa wa Arkhangai. Watoto wengi walilala bwenini, kwa sababu wazazi wao huhama na mifugo. Siku moja ya mwezi Desemba mzazi mmoja akanialika kwake. Wafugaji wa kule hukaa katika geri. Geri ni nyumba ya duara ya fito za mti. Hufunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kama blanketi nene. Mlango wake hutazama kusini, na jiko liko katikati. Wakitaka kuhama, huifungua nyumba, wakaipakia, wakaenda zao.

Kule hupigi hodi kama sisi. Ukiwa bado mbali unapaza sauti: "Shikeni mbwa!" Hiyo ndiyo hodi yao. Ukiingia, usikanyage kizingiti. Ukipewa kitu, pokea kwa mkono wa kuume, na wa kushoto ushike kiwiko. Hilo sikufundishwa, nililitoa nyumbani.

Bibi wa nyumba akanipa chai ya maziwa. Nikapiga funda. Lo! Ina chumvi! Nikameza hivyo hivyo. Akanipa aaruli, yaani maziwa mgando yaliyokaushwa mpaka yakawa magumu kama jiwe. Kisha ikaja sinia ya nyama ya kondoo ya kuchemsha. Bibi akachukua kisu, akakata pande la mafuta ya mkia, jeupe, kubwa kama kiganja changu. Akanipa mimi. Ile ndiyo heshima ya mgeni.

Ndugu zangu, nilishikwa na kinyaa. Bibi alipogeuka kuchochea moto, nikalitia pande lile mfukoni. Nikajiona mjanja.

Jioni kijana wa nyumba ile alinirudisha kwa gari. Njiani gari likazimika. Usiku ukaingia. Baridi ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo maji ya ndoo huwa jiwe. Tukashuka, tukaanza kutembea. Meno yaligongana, na vidole vya miguu sikuvisikia tena. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, una chochote cha kula?" Nikakumbuka. Nikalitoa lile pande kwa aibu. Alicheka sana! Akalikata kwa kisu, nusu yake, nusu yangu. Safari hii nililila lote. Akaniambia, "Mama hakukupa mafuta kwa utamu. Alikupa kuni za mwilini."

Mbele tukaona moshi wa geri nyingine. Hatukuwajua wenyewe. Tukaingia. Mama wa mle akatupa chai kwanza, ndipo akatuuliza tumetoka wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Katika nchi ile, anayemfungia mpita njia mlango usiku wa baridi huenda amemuua. Chai ile ya chumvi si anasa. Ni ulinzi wa uhai.

Mwezi Februari 2011 ikaja sikukuu ya Tsagaan Sar, maana yake Mwezi Mweupe. Ndiyo mwaka mpya wao. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa unga! Tulikaa kutengeneza buuzi. Buuzi ni kinyunya kilichofungwa nyama iliyokatwakatwa, na hupikwa kwa mvuke. Tulitengeneza mamia, tukaziweka nje zigande. Nje ndiyo friji yao.

Siku yenyewe watu huvaa nguo nzuri na kuwaamkia wazee. Kijana hutanguliza mikono yake chini ya mikono ya mzee, kama anayemtegemeza. Kisha huulizana kama mifugo imevuka salama. Mezani huwekwa mikate mirefu iliyopangwa safu juu ya safu. Safu huwa 3, 5 au 7. Wanasema safu ya kwanza ni furaha, ya pili ni taabu, ya tatu ni furaha tena. Ndiyo maana hazipangwi mbili wala nne. Mwanzo uwe furaha, na mwisho uwe furaha.

Lakini nyumba ile ilikuwa imeonja taabu. Kule kuna balaa linaloitwa dzudi. Theluji na barafu hufunika majani, mifugo ikakosa malisho, ikafa kwa njaa na baridi. Dzudi ya mwaka 2009 na 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8 nchini. Mwaka 2024 ikaua tena zaidi ya milioni 7. Wenyeji wangu walikuwa na kondoo na mbuzi zaidi ya 300. Walibakiwa na 40. Mtoto wao wa kwanza alikwenda mji mkuu, Ulaanbaatar, kutafuta kibarua.

Nikamwuliza mzee, "Baba, mmebakiwa na wanyama wachache. Mbona mmechinja kwa ajili ya wageni?"

Akanijibu, "Mwaka ule wa dzudi majirani walitupa nyama na nyasi. Nikifunga mlango mwaka huu, mwaka ujao nitabisha kwa nani?"

Sisemi kila jambo kule ni jema. Wapo wanaokopa fedha ili sikukuu yao ifanane na ya jirani, kisha deni huwasumbua. Mzee yule hakukopa. Alichinja kondoo mmoja, akaongeza vitunguu na kabichi kwenye nyama.

Mwezi Julai ikaja sikukuu ya Naadam. Ina michezo mitatu: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Katika mieleka, anayegusa ardhi kwa goti au kiwiko ameshindwa. Hawaangalii uzito, mwembamba hupambana na pande la mtu. Farasi hupandwa na watoto, nao hukimbia mbugani kilometa nyingi. Farasi mdogo wa miaka miwili akiwa wa mwisho, hachekwi. Huimbiwa wimbo wa kumtia moyo. Watu hula huushuri, mfano wa sambusa kubwa, na kunywa airagi, maziwa ya farasi yaliyochachuka, yenye kileo kidogo.

Siku ya kuagana, bibi akachukua kisu chake. Akakata pande la mafuta, akanipa. Kisha akautazama mfuko wa koti langu. Kumbe tangu siku ile alijua! Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nililila mbele ya macho yake, mpaka likaisha.

Ndugu wanakisomo, mkialikwa ugenini na kupewa msichokizoea, msikimbilie kukataa. Ulizeni kwanza kwa nini chakula kile kimepewa heshima. Na jirani akipatwa na ukame au mafuriko, msingoje aje kubisha.