Mzee Anapokosa Neno

Katika somo la Sikukuu hii ya Familia Takatifu, Yoshua bin Sira anamtaka mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua. Tumelihubiri somo hilo miaka mingi, tukidhani twalielewa.

Hivi karibuni tulimtembelea katekista mzee, yule yule aliyetufundisha Katekisimu tungali watoto. Alitaka kutueleza habari ya kalisi, jina likampotea. “Kile... kile cha divai.” Nasi, tukiwa tumesimama mlangoni kwa haraka zetu, tukammalizia sentensi hiyo, kisha nyingine, na ya tatu. Akanyamaza kabisa.

Yafaa tupambanue. Kila azeekaye huchelewa kupata maneno; jina la jirani humjia jirani akisha kwenda zake. Huo si ugonjwa. Lakini katika maradhi aliyoyaeleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, maneno yenyewe hufifia. Madaktari humwomba mzee ataje wanyama wote awezao kwa dakika moja. Mgonjwa hutaja wachache, na pengine huwarudia wale wale. Si uvivu, wala hakurogwa, kama tusikiavyo mitaani. Ni ubongo unaodhurika.

Huko Marekani, katika utafiti ulioanza mwaka 1986, masista 678 wa shirika la School Sisters of Notre Dame walikubali kupimwa akili mara kwa mara, na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Yalisomwa hata maandishi ya ujana wao, walipokuwa na miaka ipatayo 22. Wale ambao sentensi zao zilibeba mawazo machache ndio waliougua zaidi uzeeni. (Asihukumiwe mtu kwa barua zake za zamani!) Wengine walikutwa na alama za ugonjwa ubongoni, hali walikuwa na akili timamu hadi mwisho.

Kabla ya kuagana tulianza Salamu Maria. Mzee wetu akaisali yote bila kukosa neno, kwani yaliyorudiwa tangu utotoni hukawia kutoweka.

Makatekista hutuuliza kama mgonjwa asiyejibu vizuri apelekewe Komunyo. Apelekewe, wala asiharakishwe. Sisi tutarudi Ijumaa ya kwanza. Tumemwomba binti yake atuwekee kigoda karibu na kitanda.