MJI WA HALABJA NA WATU WAKE



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mji mdogo ulio mbali nasi. Jina lake Halabja. Uko kaskazini-mashariki ya nchi ya Iraq, chini ya milima, karibu na mpaka wa Iran. Wenyeji wake ni Wakurdi. Hao ni watu wenye lugha yao, na nchi yao imegawanyika hasa katika Iraq, Iran, Uturuki na Syria.

Halabja ni mji wa wakulima. Makomamanga yake yanajulikana sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita mji huu ulitawaliwa na mwanamke, Adela Khanum. Alijenga soko, na alikaa mwenyewe barazani akiamua kesi. Mshairi mkubwa wa Kikurdi, Abdulla Goran, alizaliwa hapo mwaka 1904.

Sasa hebu tuulizane: watu wa mji huhesabiwa kwa ajili ya nini? Mtajibu kwamba ni kwa ajili ya kupanga shule, zahanati, maji na barabara. Vema. Lakini tazameni yaliyowapata Wakurdi.

Mwaka 1978 serikali ya Iraq ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Watu wazima wengi sana waliingia darasani. Sisi tunaofanya kazi hii hatuwezi kuibeza kazi ile. Lakini chama kile kile kilichokuwa kikitawala ndicho kilichofanya sensa ya Oktoba 1987. Vijiji vingi vya Wakurdi vilikuwa katika maeneo yaliyopigwa marufuku. Watu wake waliambiwa wahame, wakae katika kambi za serikali. Waliokataa hawakuhesabiwa. Walinyang'anywa uraia, wakafanywa maadui. Kumbe hata sensa yaweza kugeuzwa kuwa silaha!

Wakati huo Iraq na Iran zilikuwa vitani tangu 1980. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Halabja ilikuwa imejaa, maana watu wa vijiji vilivyobomolewa walikimbilia mjini. Machi 1988 askari wa Iran na wapiganaji wa Kikurdi waliingia mjini humo. Tarehe 16 Machi ndege za Iraq zikaja. Kwanza ziliangusha mabomu ya kawaida, na watu wakajificha katika vyumba vya chini ya ardhi. Halafu zikaangusha mabomu ya gesi ya sumu. Jamani, gesi ile ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka chini. Iliwafuata watu kule kule walikojificha. Wengi waliookoka walisema ilinuka kama matofaa. Walikufa watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu wengine waliumia mapafu, macho na ngozi, na wako wanaougua hadi leo.

Waliosalia walikimbilia Iran. Baadaye askari wa Iraq waliurudia mji wakaubomoa. Lakini baada ya 1991, serikali ilipopoteza nguvu katika eneo hilo, watu walirudi wakajenga upya. Aliyeongoza mashambulizi dhidi ya Wakurdi, Ali Hassan al-Majid, alihukumiwa kifo kwa ajili ya Halabja mwezi Januari 2010, akanyongwa.

Mwaka 2003 lilifunguliwa jengo la kumbukumbu, na ndani yake majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Je, wananchi waliridhika? La! Tarehe 16 Machi 2006, siku ile ile ya maombolezo, waliandamana wakalichoma moto. Kijana mmoja aliuawa kwa risasi. Walikuwa wanasema nini? Walisema wakubwa huja kila mwaka na wageni wao kuwalilia wafu, kisha huondoka, na walio hai hawana maji safi wala barabara. Kuchoma majina ya ndugu zako si jambo la kusifiwa. Lakini malalamiko yao tunayaelewa. Marehemu walihesabiwa, walio hai walisahauliwa.

Jengo lilitengenezwa tena. Novemba 2024 Iraq ilifanya sensa ya nchi nzima, Wakurdi wakiwamo, ya kwanza ya namna hiyo tangu ile ya 1987. Aprili 2025 bunge la Iraq likapitisha sheria ya kuifanya Halabja mkoa wa 19. Mkoa una haki ya kudai fungu lake la fedha. Sasa watu wa Halabja wanangoja waone kama barabara na hospitali zitafuata.

Ndugu zetu, siku za kwanza darasani tulijifunza kuandika nini? Majina yetu. Kila aliyeandikwa katika ukuta ule alikuwa na jina kabla ya kuwa mmoja wa wale 5,000. Basi karani wa sensa akija, tuandikwe. Kisha tuulize, na tusichoke kuuliza: hesabu hii imetuletea nini sisi tulio hai?