Urithi wa Ardhi na Bei ya Mapumziko Kampala

Kila mwisho wa wiki vijana wa Kampala humiminika Munyonyo, Ggaba na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Wananunua nguo za pikiniki, nyama choma, kiingilio na picha za kuweka mitandaoni. Wazee wengi wanaona humo kizazi kinachotumia kabla ya kuchuma. Nadai kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Bidhaa kubwa wanayouziwa vijana hawa ni mahali pa kukaa nje, na mahali hapo pamekuwa na bei kutokana na jinsi ardhi ilivyogawanywa, kisha ikarithishwa.

Mkataba wa Buganda, kati ya Waingereza na ufalme huo, wa tarehe 10 Machi 1900 ulipima ardhi kwa maili za mraba, ndiyo asili ya milki ya mailo. Kabaka, yaani mfalme, alipewa maili 350. Maili 8,000 zikatengewa machifu na watu binafsi wapatao 1,000. Wakulima waliokuwa wakiishi humo wakageuka wapangaji. Sheria ya Busuulu na Envujjo (kodi ya ardhi na tozo ya mazao) ya 1928 ilidhibiti malipo yao lakini haikuwapa hati ya kumiliki ardhi. Amri ya Idi Amin ya 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikaitambua tena mailo. Katika misukosuko yote hiyo jiji la Kampala, lililo ndani ya Buganda, liliendelea kupanuka, na kila barabara iliyojengwa kwa kodi ya wananchi wote ilimpandishia thamani mwenye hati hata kama hakuinua jembe. Ndiyo maana mjukuu wa mpangaji hulipa langoni, na mjukuu wa mwenye hati hupokea.

Nitaambiwa kwamba mailo imekatwakatwa, kwamba warithi wengi waliuza zamani na kufilisika, na kwamba matajiri wa leo ni wafanyabiashara na wanasiasa. Ni kweli, na sidai kwamba utajiri wa Kampala ni wa damu moja. Lakini wanunuzi hao wapya walikimbilia nini? Walikimbilia hati ileile, nao watawaachia watoto wao. Wamiliki wamebadilika, mlango umebaki palepale. Wengine husema kijana aweke akiba anunue kiwanja. Akiba ni jambo jema, ila Jumapili chache za kujinyima hazifikii bei ya kiwanja cha Munyonyo, na hata akikipata, bado atahitaji mahali pa kuwachezeshea watoto wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mali ya umma huharibika, ilhali mwekezaji hufagia na kulinda. Tutazame basi yaliyotokea. Bustani ya Centenary, iliyobeba kumbukumbu ya miaka 100 ya jiji, ilikodishwa ikajaa baa na mikahawa. Uwanja wa Katiba, katikati kabisa ya mji, uliwekewa ulinzi wa polisi baada ya maandamano ya 2011 ya kupinga kupanda kwa gharama ya maisha. Wananchi hawakuvichoka viwanja hivi. Waliondolewa kwa maamuzi ya ofisini, na maamuzi ya ofisini yanaweza kubatilishwa.

Sheria tayari inatupa pa kuanzia. Ibara ya 237 ya Katiba inaiagiza serikali kushikilia maziwa na ardhi oevu kwa amana ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na fukwe za maziwa zinahifadhi ukanda wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya mazingira, si starehe. Hata hivyo, ukanda unaolindwa kwa niaba ya wote hauna sababu ya kuzungushiwa ua wa mtu mmoja. Mamlaka ya Jiji la Kampala na Wilaya ya Wakiso zichapishe ramani ya ufukwe wote: nani anamiliki nini, kwa hati ya aina gani, na wapi raia anaweza kufika majini bila kulipa. Ramani hiyo itangulie mkataba wowote mpya wa kukodisha, na ibandikwe katika kila ofisi ya parokia.